MEZANI KWETU: Divai ya kijani ya Ureno na sambaza za ziwa letu



Juma lililopita tuliahidi kuzungumza juu ya maharagwe na namna ya kuyapika kwa makala kidogo. Maharagwe yatangoja. Katika mkutano wetu wa Alhamisi mwenzetu mmoja alileta swali lililotushika hadi giza likaingia, na kwa kuwa amekubali tuliandike bila kutaja jina lake, tunaliweka hapa kwa faida ya wote.

Binti yake ameolewa Ureno, kule kaskazini, upande wa mji wa Braga. Wakwe walikuwa wanakuja kwa mara ya kwanza kuona nyumba alimozaliwa mke wa mtoto wao. Binti akatuma habari mbele: "Mama, wanabeba chupa tatu za divai ya kwao. Zabibu ni za shamba la jamaa yao. Tafadhali iwekwe mezani, kwao ni heshima kubwa."

Lakini mume wa mwenzetu aliacha pombe miaka minne iliyopita. Sisi tunaijua nyumba ile ilivyokuwa mbele ya hapo, maana ni sisi tuliokuwa tunamfungulia mlango usiku, yeye na watoto. Basi akatuuliza: "Chupa hizo niziweke mezani, ao nizifiche?"

Tuligawanyika. Upande mmoja ulisema zawadi ya mkwe haifichwi. Mtu amevuka bahari na mazao ya shamba lake, nawe unayasukuma chini ya kitanda? Hata kwetu, kasiksi ikiletwa kwenye mahari na isinywewe, watu wanaanza kuulizana kuna nini. Upande mwingine ulisema aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na nyumba iliyojengwa upya kwa miaka minne inaweza kubomolewa kwa jioni moja. Wote walikuwa na haki. Tutasema mwishoni ilivyokwenda. Kwanza tueleze divai yenyewe ni kitu gani na inapendana na chakula gani, maana siku hizi chupa zake zinaonekana hata katika maduka ya mijini kwetu, na wengi wanainunua bila kuijua.

Jina na kwao

Kwao inaitwa Vinho Verde, ndiyo kusema "divai ya kijani". Usitazamie rangi ya majani ndani ya chupa. Ile tunayoizungumzia ni nyeupe, imefifia karibu kama maji yaliyokamuliwa ndimu. Ukijani wake ni ujana: inanywewa ingali changa, mara nyingi katika mwaka mmoja ao miwili baada ya mavuno. Wengine wanasema jina linatokana na nchi yenyewe, kwa kuwa mvua za bahari ya Atlantiki zinaifanya milima ya kule ibaki kijani. Ipo pia nyekundu, na ipo ya waridi, lakini nyeupe ndiyo inayosafiri zaidi nje ya nchi.

Si kila divai nyeupe ya Ureno inaruhusiwa kubeba jina hilo. Lazima itoke kona ya kaskazini-magharibi, kuanzia mto Minho, unaopakana na Hispania, kushuka kusini hadi kuvuka mto Douro. Mipaka hiyo iliwekwa kwa sheria mwaka 1908. Ndani yake kuna sehemu tisa, na kila moja ina tabia yake. Zabibu pia ni za aina nyingi: Loureiro ina harufu ya maua, Arinto ina ukali wa ndimu, Trajadura ni laini, na Alvarinho, inayopandwa zaidi pande za Monção na Melgaço, inatoa divai nzito kidogo na ya bei ya juu.

Kitu kimoja kinawashangaza wengi: ukiifungua, inachoma ulimi kidogo, na vipovu vidogo vinapanda kwenye glasi. Zamani vilitokea kwa sababu divai iliendelea kuchacha kidogo ndani ya chupa. Leo mara nyingi watengenezaji wenyewe wanatia gesi kidogo wakati wa kuijaza. Si dalili ya kuharibika. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu katika nyumba ya mwenzetu, mjomba mmoja aliyepewa kazi ya kumimina aliona vipovu, akanusa, akamnong'oneza dada yake: "Hii imechacha, tusiwaabishe wageni." Alikuwa amekwisha kumwaga glasi nzima kwenye maua kabla ya binti kumkimbilia. Mama mkwe alipoelezwa, alicheka hadi akafuta machozi kwa leso.

Na tuseme ukweli, Kireno si kigeni sana katika vinywa vyetu. Neno "mvinyo" limetoka kwa "vinho" ya Wareno. "Divai" tumeipata kwa Wafaransa, katika "du vin". "Meza" ni "mesa" yao, na ile "leso" ni "lenço" yao. Mwenzetu alipomwambia mama mkwe "karibu mezani", mama yule aligeuka kabla ya binti kutafsiri.

Shamba linalofanana na letu

Kilichotugusa zaidi katika maelezo ya wageni ni namna divai hii ilivyolimwa. Kule mashamba ni madogo, yamekatwakatwa kwa urithi, kama milima yetu inavyokatwa kati ya ndugu. Ndiyo maana mizabibu haikupewa shamba lake peke yake. Ilipandwa pembeni, ikapandishwa juu ya miti ao juu ya vichanja virefu, na chini yake watu wakalima mahindi, maharagwe na mashu ya majani. Kuvuna zabibu kulihitaji ngazi. Siku hizi mashamba mengi yamepangwa kwa mistari ya nyaya, lakini vichanja vya zamani bado vinaonekana.

Mahindi yenyewe yalitoka Amerika, kama vile muhogo wetu ulivyotoka Amerika kupitia biashara ya Wareno. Kule wanayafanyia mkate mzito unaoitwa broa. Mama mkwe alipoona ugali wa mahindi alishika tonge, akalinusa, akasema unga ni ndugu ila mkono ni tofauti.

Na jambo la pili. Katika nchi hiyo ya Minho, kwa vizazi vingi wanaume walikwenda kutafuta kazi mbali, Brazil kwanza, na baadaye Ufaransa. Wanawake walibaki na ng'ombe, mahindi, watoto na mizabibu. Wamama wa chama chetu wanaobaki na shamba wakati mzee yuko kwenye machimbo hawahitaji kuelezwa zaidi. Divai hiyo ina jasho la wanawake ndani yake, hata kama chupa haisemi.

Kwa nini inapenda samaki

Sasa jikoni. Siri ya divai hii ni ukali wake wa asili, ule unaofanya mate yatoke. Nchi yenye mvua na baridi kidogo haiivishi zabibu hadi ziwe sukari tupu, kwa hiyo ukali unabaki. Fikirieni ndimu. Kwa nini tunakamua ndimu juu ya samaki wa kukaanga? Kwa sababu inakata mafuta na kusafisha ulimi, ili tonge la pili liwe tamu kama la kwanza. Divai hii inafanya kazi hiyohiyo. Na kwa kuwa si nzito, haimezi ladha ya samaki.

Watu wa Ureno wanainywa na sadini za kuchoma, na samaki wengine wa bahari, na kamba. Sisi hatuna bahari, lakini tuna sambaza. Na sambaza ni wa jamaa ya sadini! Walitolewa Tanganyika na kuwekwa katika ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna soko la Bukavu ao Goma lisilo nao. Sambaza wabichi, wakioshwa, wakakaushwa maji kwa kitambaa, wakapakwa unga kidogo na chumvi na kukaangwa hadi waite "kra" mdomoni, ndicho chakula cha kwanza cha divai hii. Ndakala wa Tanganyika wanakwenda njia hiyohiyo.

Vingine tulivyovijaribu ao tunavyovishauri:

Tilapia wa kuchoma juu ya makala, na kitunguu kibichi pembeni. Punguzeni ndimu, maana ukali tayari uko kwenye glasi.

Kuku wa kuchoma aliyelala katika kitunguu saumu na ndimu.

Saladi ya avoka, nyanya na kitunguu. Avoka ni mafuta laini, na divai inayaamsha.

Jibini ya Masisi ikingali changa na laini, pamoja na mkate.

Lengalenga iliyopikwa kwa mafuta kidogo. Wareno wenyewe wana supu ya viazi yenye mashu yaliyokatwa membamba kama nyuzi, wanaiita caldo verde, na katika meza za Minho supu hiyo na divai hii ni majirani wa siku nyingi.

Na vile visivyopatana nayo? Sombe yenye mawese mengi na karanga inaizima kabisa; utaona kama umekunywa maji. Mbuzi wa mchuzi mzito na ng'ombe wa kuchoma wanataka divai nyekundu, ao chai tu. Pilipili nyingi inaungana na vile vipovu na kuwasha mdomo mara mbili. Na keki ya harusi ndiyo adui mkubwa: kitu cha sukari nyingi kinaifanya divai isiyo na sukari ionekane kali kama siki. Wengi wanaolalamika kwamba divai nyeupe "ni mbaya" waliionja na keki mkononi.

Makayabo kwa mtindo wa kule

Chakula kinachopendwa na Wareno wote ni samaki wa chumvi, wanaomwita bacalhau. Sisi tuna makayabo. Binti alimfundisha mama yake vitumbua vyao vya samaki huyo, na wageni walikula hadi sahani ikawa nyeupe. Tunawapa namna yake, kwa watu sita:

Nusu kilo ya makayabo, nusu kilo ya viazi vya kizungu, mayai matatu, kitunguu kimoja kikubwa, majani ya persili konzi moja, pilipili manga kidogo, mafuta ya kukaangia.

Loweka makayabo katika maji baridi kuanzia jana yake, na ubadilishe maji mara tatu ao nne. Usiharakishe hatua hii. Chumvi ikibaki, umekwisha. Mchemshe samaki dakika kumi, toa miba yote na ngozi, mvunjevunje kwa vidole hadi awe kama nyuzi. Chemsha viazi na maganda yake ili visinywe maji, kisha menya na uponde. Changanya samaki, viazi, kitunguu kilichokatwa kidogo sana na persili. Tia mayai moja moja, ukiangalia mchanganyiko usiwe mwepesi. Onja kabla ya kuongeza chumvi, mara nyingi haihitajiki. Chukua vijiko viwili, pitisha mchanganyiko kutoka kijiko kimoja hadi kingine mpaka upate umbo la yai, na ukaange katika mafuta ya moto mengi hadi viwe vya rangi ya dhahabu. Vinaliwa moto ao baridi, kwa hiyo ni chakula kizuri cha sherehe: unakipika asubuhi na unakaa na wageni wako jioni.

Kupoza bila umeme

Divai hii inataka baridi, lakini si barafu. Ikiwa ya vuguvugu, vipovu vinakuwa vikali na harufu inapotea. Kwa mwenye frigo, saa mbili ao tatu zinatosha. Umeme ukikatika, tafuta barafu kwa jirani mwenye jenereta, uiweke kwenye ndoo na uongeze maji na konzi ya chumvi. Wengi wanakosea wakitia barafu tupu: maji ndiyo yanayoigusa chupa pande zote, na kwa dakika ishirini ao thelathini iko tayari. Hakuna barafu? Funga chupa kwa kitambaa kilicholowa, uiweke kivulini penye upepo tangu asubuhi, na uendelee kukilowesha.

Ikishafunguliwa, imalizike siku hiyo ao kesho yake, ikiwa imefunikwa na kuwekwa kwenye baridi. Na msiitunze kabatini miaka mitano mkingoja ubatizo wa mjukuu. Chupa nyingi za namna hii hazizeeki vizuri. Alvarinho nzuri ndiyo inayoweza kungoja.

Hesabu ambayo mama anapaswa kuijua

Watu wanasema divai hii ni nyepesi. Ni kweli ukiilinganisha na divai nyingine: nyingi zina pombe ya asilimia 9 hadi 11 na nusu, wakati divai nyekundu nyingi zinafika 13 ao 14. Lakini nyepesi si soda. Chupa moja ya sentilita 75 yenye asilimia 10 ina pombe karibu sawa na chupa mbili kubwa za bia ya asilimia 5. Kwa sababu ni baridi na inateleza, mtu anamaliza chupa bila kujua. Chupa moja inatoa glasi tano. Kwa watu watano, pamoja na chakula, ni glasi moja moja, na jioni inaendelea vizuri.

Mwenye mimba asinywe kabisa, hata ya kuonja. Watoto vilevile, na ile desturi ya "mpe kidogo alale" tuiache. Anayemeza dawa amwulize muuguzi kwanza. Anayeendesha pikipiki anywe maji. Na yule aliyeacha, asishawishiwe kwa maneno ya "leo ni sherehe".

Ilivyokwenda

Shauri ambalo tulikubaliana mwishoni lilikuwa moja: asizifiche chupa wala asiziweke mezani kabla ya kuzungumza na mume wake. Mlango wa swali hilo ulikuwa kwake, si kwetu. Mwenzetu alirudi nyumbani akamweleza mbele ya siku. Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Usiniaibishe kwa kunificha kama mtoto. Ziweke. Mimi nitakaa upande wa sambaza."

Siku ilipofika, kabla ya kitu chochote kumiminwa, alisimama mwenyewe, akamwomba binti atafsiri. Alisema: "Mimi nilikunywa sana, nikawaumiza watu wa nyumba hii. Nimeacha. Zawadi yenu tunaipokea, na ndugu zangu watainywa pamoja nanyi. Mimi nitakunywa maji ya ndimu, na msione ni dharau." Binti alitafsiri akilia, hakuwa amewahi kumsikia baba yake akisema neno hilo "nikawaumiza".

Baba mkwe hakujibu kwa hotuba. Aliichukua chupa iliyokuwa mbele yao wawili, akaihamisha upande wake wa pili, mbali na mzee, kisha akamsogezea sahani ya sambaza. Wakala.

Chupa mbili zilifunguliwa na watu kumi walipata glasi moja moja. Ya tatu haikulala katika nyumba ile: shangazi aliondoka nayo jioni hiyohiyo, kama ilivyopangwa. Mwenzetu ametuomba tuandike jambo hilo la mwisho kwa herufi zinazosomeka, kwa ajili ya nyumba nyingine zenye swali kama lake. Heshima ya mgeni inatimia mezani. Hailazimu chupa ibaki kabatini.

Wenye namna nyingine ya kupika makayabo walete siku ya Alhamisi, pamoja na sahani ya kuonja, maana maneno matupu hatuyaonji. Na juma lijalo, tunaapa, maharagwe.

Mbaki na amani nyumbani.